Ngome Alfajiri, Kasri Machweo

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Na sikuwa hata nimemaliza chai.

Baba mkwe anapasuliwa goti. Daktari kasema ni Jumanne ya tarehe 19, na baada ya hapo ngazi atazisikia kwa majirani tu kwa muda mrefu. Labda moja kwa moja. Mke wangu alinieleza kwa huzuni huku akikoroga sukari. Mimi nikaona mlango unafunguka.

Niweke maelezo kidogo, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri. Baba mkwe ni mwalimu wa historia, mstaafu. Maisha yake yote kafundisha ngome na kasri za miji ya kale: unene wa kuta, mizinga ilielekea wapi, nani alimsaliti nani. Kwa macho yake hajaona hata jiwe moja. Kila mwaka, likifika somo la kasri, aliwaambia wanafunzi, kwa mujibu wa kitabu cha somo, kwamba mfalme akisimama kwenye dirisha la juu aliyaona malango yote matatu ya mji kwa mpigo. Na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyenyoosha mkono: Mwalimu, wewe umefika? Naye hujibu: Bado. Darasa zima linaangua kicheko. Amestaafu jibu likiwa Bado.

Sasa anataka kufika kabla ya kisu cha daktari. Nani wa kumpeleka? Mimi!

Sina haja ya shukrani. Nina haja ya neno moja tu. Tangu nimuoe binti yake, mzee huyu ananiita Mpiga Picha. Mpiga Picha, karibu. Mpiga Picha, hebu sogea, unanizibia taarifa ya habari. Ila mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu, huyo anaitwa Mwanangu. Mtu anayefundisha udereva! Eti kwa sababu aliwahi kuwa mwanafunzi wake darasani. Mimi humu shajarani namwita Breki, na hilo ndilo jina analostahili.

Nikirudi kutoka safari hii nitaitwa Mwanangu. Mbele za watu, kwa sauti.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umekamilika. Nimeuchora nyuma ya kalenda ya studio, kwa rangi.

Watu wa kawaida hupanga safari kwa kuangalia umbali na mafuta. Ndiyo maana picha zao za safari zinatia aibu. Mimi ni mtu wa fani. Mimi napanga kwa jua. Jua la alfajiri ni laini, linampendeza kila mtu, hata Breki. Jua la machweo ni dhahabu. Jua la mchana, Mungu apishe mbali, linamtoa mtu na macho meusi utafikiri kapigwa.

Kwa hiyo: mji wa kwanza, ngome, tunafika alfajiri. Mji wa pili, kasri, tunafika machweo. Mji wa tatu, wenye ngome na kasri kwa pamoja, alfajiri tena. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikautazama mpango wangu kwa muda. Hata mimi nilijishangaa.

Mke wangu aliingia studio akauliza kama nimeulizia huko kwenyewe wanafungua saa ngapi. Nilicheka. Nikamwambia ngome si benki. Imesimama hapo tangu enzi za mababu, itatoroka alfajiri kwenda wapi?

Na kasri naijua kama kiganja changu. Pazia langu kubwa la studio, lile la maharusi, ni lango la kasri hiyohiyo. Picha aliniachia mteja aliyewahi kufika huko, nikaikuza. Kando ya lango kulikuwa na kibao cha buluu chenye maandishi, kibaya kupita kiasi, kinaharibu picha nzima. Nikakifuta kwenye kompyuta, nikapanda ua waridi pale kilipokuwa. Maharusi wangapi wamepiga picha mbele ya ua lile, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi, 7 Agosti

Usafiri umepatikana. Binamu yangu anasambaza magodoro, ana gari kubwa la mizigo, Ijumaa ya wiki ijayo halina kazi.

Jioni. Usafiri umekataliwa. Nilimweleza mke wangu kwamba nyuma hakuna viti, ila kuna godoro, na kwa mtu mwenye goti bovu godoro ni bora kuliko kiti. Hoja haina tundu. Akaniuliza kama nimepanga kumsafirisha baba yake au kumsambaza. Kisha akachukua simu, akaenda kuongea jikoni, mlango umefungwa. Mlango wa jikoni ukifungwa katika nyumba hii, ujue kuna serikali inapinduliwa.

Alipotoka alisema shemeji yake amejitolea. Tutakwenda na gari la shule ya udereva, na dereva ni yeye mwenyewe.

Breki! Ndani ya safari yangu! Nimelala na kichwa kinauma.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao cha familia, sebuleni kwa wakwe. Nilifika mapema na stendi ya kamera, nikatundika juu yake kalenda yangu. Breki akaja mikono mitupu, kavaa soksi zilizopigwa pasi.

Pendekezo la Breki lilikuwa hivi: tuondoke asubuhi baada ya chai, twende taratibu, tufike mchana, tule, tuingie, tutazame, tulale. Akamalizia na mwenda pole hajikwai, kama ilivyo kawaida yake. Mtu huyu huisema hata akiagizwa kuleta maji ya kunywa.

Nikasimama. Nikafafanua nuru. Nikaeleza vivuli. Nikaonyesha picha za watu wenye macho meusi ya mchana. Mama mkwe aliuliza kama ni picha za polisi. Alishasema tangu mwanzo yeye haendi, magofu anayo nyumbani.

Baba mkwe alisikiliza akiwa amefumba macho, goti lake kaliweka juu ya kigoda. Nilidhani kalala. Nilipofika machweo ya kasri alifumbua jicho moja, akauliza jambo moja tu: ndani tutaingia? Nikamwambia, Baba, utaingia mpaka uombe kutoka. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, haya, tufuate ya Mpiga Picha.

Ushindi! Breki kabaki na usukani tu, kama mtumishi wa mpango wangu. Nilipomtazama alikuwa anatabasamu. Mtu akishindwa akatabasamu, muogope.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kulikagua gari. Juu ya paa kuna kibao: MWANAFUNZI, KAA MBALI. Nikauliza kama kinatoka. Breki akasema hakitoki, kimechomelewa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Gari la mafunzo lina breki mbili: moja ya dereva, nyingine miguuni pa abiria wa mbele, anapokaa mwalimu. Nilimwomba nilijaribu, kwa sababu kiongozi wa msafara lazima ajue vifaa vyake. Akakubali, akakaa pembeni. Hatukutoka hata mtaani. Kila nikigusa mafuta, yeye anagusa breki. Nikikanyaga, anakanyaga. Mama muuza mkaa wa pale kona alisimama kututazama, akaita na wenzake.

Nikumbuke kuandika kwamba huyu ndiye aliyenifundisha udereva, na akanifelisha. Mara mbili. Mara ya pili eti nilisimamisha gari katikati ya njia kupiga picha ya mawingu. Yalikuwa mawingu mazuri sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Mizigo tayari. Kamera, stendi, kioo cha kurudisha mwanga, shati langu la kaki lenye mifuko mingi. Mke wangu kafunga mto wa goti la baba yake, dawa za maumivu, maji, na sweta. Kila mtu na vipaumbele vyake.

Nimepita kwa wakwe kuwakumbusha saa ya kuondoka. Baba mkwe alishavaa. Jioni hii! Suti ya kijivu, ile aliyoagwa nayo shuleni, na viatu vimeng'aa. Mama mkwe anasema kakataa kuvua, anaogopa asije akachelewa. Nikaona jinsi anavyolishika lile goti kila anapotaka kuinuka, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Nikajiambia: mzee, utapata picha ambayo haijawahi kupigwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekasirika! Naandika kwa kalamu ya nyumba ya wageni na inavuja.

Tuliondoka giza bado nene, kama nilivyoamuru. Mpango: ngome alfajiri. Lakini Breki! Breki anaendesha gari kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Kila kona anapiga honi. Kila mlima anabadilisha gia kwa maelezo. Anatazama vioo vyote, kisha anavitazama tena kama vipo. Tulipitwa na lori. Tulipitwa na trekta. Trekta! Dereva wake akatupungia mkono, akaonyesha kibao cha juu ya paa, akanipa moyo mimi niliyekaa nyuma.

Jua likachomoza tuko njiani. Nililiona kwa dirisha, laini, la waridi, linakwenda zake bure. Nilitaka kulia.

Tumefika saa nne, jua kali, ngome wazi, watu wamejaa. Mlango mkubwa ulikuwa umefunguliwa na mwenyeji mmoja mchangamfu akatukaribisha ndani. Baba mkwe hakumsubiri amalize. Alishika ukuta kwa viganja viwili, akasimama hivyo. Kisha akapanda ngazi moja moja, Breki nyuma yake, mke wangu ubavuni, mpaka kwenye mizinga. Alipofika juu akaanza kufundisha. Kulikuwa na wanafunzi wa shule fulani, wakamwacha mwalimu wao wakamfuata yeye. Akawaonyesha mizinga ilielekea wapi na kwa nini. Sijawahi kumsikia na sauti ile.

Alipochoka alimshika Breki bega akasema, ahsante Mwanangu, tumefika saa nzuri.

Saa nzuri? Nimetazama picha. Wote macho meusi! Baba mkwe kafumba jicho, mke wangu kaweka mkono usoni. Tumeingia ngomeni kwa bahati tu, na kwa uzembe wa dereva. Kesho siwezi kuruhusu mambo yaende ovyo namna hii. Kasri nitaisimamia mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi. Breki anataka tuondoke mara baada ya chai. Tutafika kasri mchana, jua la utosini! Hapana. Nimechukua hatua. Funguo za gari zimo ndani ya mfuko wa kamera yangu, chini ya lenzi. Wanatafuta. Nami natafuta nao, tena kwa bidii kuliko wote. Nimeinua mpaka godoro.

Mchana. Nimezipata funguo! Bustanini, nikasema. Kila mtu kanishukuru isipokuwa baba mkwe, aliyenitazama kidogo kisha akatazama mfuko wangu wa kamera. Sasa tumechelewa kidogo kuliko nilivyokusudia, kwa hiyo nimetoa hoja ya pili: Breki kachoka, niendeshe mimi. Na kwa kuwa goti la mzee linahitaji nafasi, mzee akae mbele. Breki nyuma, mbali na ile breki yake. Amekaa kama bibi harusi, begi mapajani. Mambo yanakwenda kama nilivyoyachora.

Usiku unaingia. Niandike yote.

Niliendesha vizuri. Kwa kasi, ndiyo, ila vizuri. Tatizo ni kwamba baba mkwe aligundua kile kikanyagio cha miguuni pake. Kwanza kwa bahati mbaya, alipokuwa ananyoosha goti. Gari likasimama, sote tukainama kama tunaomba. Nje kulikuwa na kipande cha ukuta wa kale. Mzee akakitazama, akaeleza kilijengwa na nani, akafurahi. Tangu hapo akawa haombi ruhusa. Kila akiona mawe yaliyopangwa, breki! Daraja, breki! Mara moja lilikuwa zizi la mbuzi, akasema hata hilo tuliheshimu. Breki, yule mtu, alicheka huko nyuma mpaka akakohoa.

Hata hivyo tumefika kwa wakati wangu. Dakika ileile! Jua limeinama, ukuta mzima wa kasri umekuwa dhahabu, vivuli virefu, hakuna mtu hata mmoja wa kuharibu picha. Nilishuka nikiwa na kamera mkononi, moyo unadunda.

Hakuna mtu hata mmoja, kwa sababu lango lilikuwa limefungwa.

Mlinzi alitoka kibandani akasema wanafungua saa tatu asubuhi, wanafunga saa kumi jioni, na kwamba imeandikwa pale. Akanyoosha kidole. Kando ya lango, kibao cha buluu. Maandishi meupe. Nakijua kibao kile. Nakijua mpaka msumari wake wa juu kushoto, maana ndio ulionisumbua kuufuta.

Nilisogea nikasimama mbele yake. Nina mgongo mpana. Lakini mke wangu alishakisoma. Alikitazama kibao, akanitazama mimi, akakitazama tena, pale ambapo kwenye pazia langu pana ua waridi.

Nilijaribu kumbembeleza mlinzi. Nilimwambia mzee anapasuliwa Jumanne. Akasikitika kwa dhati, akasema funguo huchukuliwa na msimamizi, naye kaondoka. Breki akajaribu naye, kwa upole wake ule, akajibiwa hivyohivyo.

Baba mkwe akaenda mwenyewe mpaka langoni. Akaweka kiganja kwenye mbao. Suti yake ya kijivu, viatu vyake vimeshaingia vumbi. Akasimama pale muda, kisha akakaa juu ya jiwe, goti kalinyoosha mbele. Akasema neno moja, wala si kwetu.

Bado.

Nilijisikia vibaya. Naliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma leo. Nilijisikia vibaya sana, kama mtu aliyekula kitu cha mwenzake.

Nikampiga picha. Nuru ilikuwa haina kifani.

Jumapili, 17 Agosti

Mpango unasema: alfajiri, mji wa tatu. Mpango ni mpango. Nilitoka nje na kalenda yangu kabla ya jua, nikatangaza tuondoke. Gari lipo, watu hawapo.

Nikawakuta kasri. Baba mkwe kakaa langoni kwenye kiti alichokiazima kwa mlinzi, Breki kachuchumaa kando yake, mke wangu analisugua lile goti. Nikamweleza baba mkwe kwamba gari linatakiwa shuleni leo jioni, wanafunzi wa Breki wana mtihani kesho, kwa hiyo tukisubiri hapa mji wa tatu ndio basi. Ngome na kasri kwa pamoja! Akasema, Mpiga Picha, nipe funguo za gari. Nikampa. Akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

Saa tatu lango likafunguliwa.

Ngazi za kasri ni nyembamba na zimesimama wima, zimeliwa katikati na miguu ya watu wa kale. Mzee alipanda kwa mikono kuliko kwa miguu. Breki alikuwa nyuma yake, anamwambia mguu upi na wapi, taratibu, kwa sauti ileile anayotumia kwa wanafunzi wake, na nakiri ilikuwa sauti nzuri kuisikia mahali kama pale. Mimi nilitangulia kinyumenyume, nikipiga picha, nikaligonga dari kwa kisogo. Katikati mzee alisimama. Jasho linamtiririka, uso umekuwa wa majivu. Mke wangu akasema, Baba, inatosha. Baba mkwe akasema inatosha ni ya watu wanaoshuka.

Akafika.

Chumba kitupu, dirisha moja, upepo. Akaenda akashika kizingiti, akatoa kichwa nje. Tukamngoja. Alinyoosha kidole kwa lango la kwanza. Akahamisha kwa la pili. Akahamisha tena, na kidole kikabaki hewani.

La tatu halipo. Pale linapotakiwa kuonekana kuna tangi la maji, kubwa, lina kutu, na bata wawili wamekaa juu yake. Mwenyeji wa kasri akasema hata bila tangi halionekani, kilima kinaziba, tangu enzi za mfalme mwenyewe.

Nilifumba macho. Nikajua yamekwisha. Mzee kapanda na goti lile kwa ajili ya tangi.

Ndipo nikasikia kicheko. Baba mkwe anacheka! Kashika kizingiti, mabega yanatikisika, machozi yanamwagika mpaka kwenye tai. Kitabu kimekosea, anasema. Kitabu kimekosea! Miaka yote ile! Aliyekiandika hajafika! Hakufika hata yeye! Sijawahi kuona mtu akifurahia kukosa kitu kiasi kile.

Alipopata pumzi alimgeukia Breki akamwambia, haya, uliza. Na Breki, mtu mzima, mwenye sharubu na shule yake mwenyewe, akanyoosha mkono juu kama mtoto. Mwalimu, wewe umefika?

Nimefika, akasema baba mkwe.

Mimi nilikuwa kona nyingine napambana. Dirisha liko nyuma yao, nyuso zote giza, kioo cha kurudisha mwanga nimekisahau garini. Nikapiga goti, nikalala chali. Hapo nikasikia: Mwanangu.

Nikamtazama Breki. Breki ananitazama mimi.

Mwanangu, akarudia baba mkwe, na kidole chake kinanielekea mimi pale sakafuni, weka hicho kitu chini, uje uone.

Nikakiweka chini. Nikaenda. Akanishika bega, mkono mzito kuliko nilivyodhani. Nikaona lango la kwanza, lango la pili, tangi, bata wawili, na mwanamke mmoja anaanika shuka. Tukatazama. Jua lilikuwa baya kabisa. Macho yalinitoka machozi. Kasri ile ina vumbi.

Jumatano, 20 Agosti

Goti limepasuliwa jana, salama. Leo tumekwenda hospitali, wote. Baba mkwe yuko kitandani anaisimulia wodi nzima habari za tangi. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameshajua kila lango. Mzee kaapa ataiandikia kampuni iliyochapisha kitabu. Breki alikuja na machungwa, akayapanga kwa ukubwa.

Aliponiona mzee aliita, kwa sauti, mbele ya wauguzi: Mwanangu! Nikawatazama wauguzi wote, mmoja mmoja, kuhakikisha wamesikia. Kisha akaniuliza picha ya dirishani iko wapi, ile ya sisi watatu. Anataka kuitundika ukutani.

Picha ya dirishani haipo. Kamera ilikuwa sakafuni, na yeye ndiye aliyesema niiweke! Lakini mtu aliyekwisha kuitwa Mwanangu hajibu kwamba haipo. Nikamwambia inakauka.

Nimekuja studio mbio. Kazi inakwenda vizuri kupita matarajio. Nimemchukua baba mkwe wa machweo, yule wa langoni, nuru ya dhahabu. Amekaa na uso umeinama, lakini ukimsimamisha na kumgeuza kidogo anaonekana anawaza mambo makubwa. Nimemweka dirishani. Nimejiweka na mimi, shati la kaki. Breki nimemwachia kiwiko tu. Sasa ile mandhari ya nje. Tangi limefutika bila shida, bata nao wamekwenda. Pale pakabaki wazi, pananikodolea macho, nikapata wazo. Lango la ngome ya Ijumaa! Nimelikata, nimelipunguza, nimelipachika. Malango matatu, yote, kwa mpigo! Kama alivyofundisha maisha yake yote. Nitaitia kwenye fremu ya dhahabu, nimpelekee Ijumaa. Sijui atasema nini. Nadhani atalia.

Mke wangu kaingia sasa hivi, kasimama mbele ya kompyuta kwa muda mrefu. Akauliza tangi limekwenda wapi. Nikamwambia lilikuwa linaharibu picha. Akaniuliza, polepole, kama nilisikia baba yake alichokuwa anakicheka kule juu. Nikamwambia nilisikia vizuri sana, nilikuwepo. Akashusha pumzi. Kaenda jikoni, kafunga mlango.

Ana wivu kidogo na kipaji, si wa kulaumiwa.

Na mji wa tatu sijausahau. Goti likipona tunakwenda, na safari hii hatutabahatisha: machweo kamili, mimi kwenye usukani, mzee nyuma kwenye godoro la binamu. Nimeshapata picha ya lango lake kwa mteja mmoja. Lango zuri, pana, linatazama magharibi. Lilikuwa na kibao cha kijani pembeni, kimeandikwaandikwa.

Nimeshakifuta.